Mapenzi na Nguvu katika Njia ya Misafara ya Tabora

Imeenea siku hizi miongoni mwa vijana wetu wa vyuo hadithi moja ya picha. Sura zake hubadilika, lugha zake hubadilika, lakini kiini chake ni kile kile. Mwanamume mtu mzima, mwenye mali na amri, humtwaa msichana aliye mdogo kwake kwa miaka kumi au ishirini. Humfungia nyumbani, humtisha, humwonea wivu, na pengine humpiga. Msichana kwanza hulia, kisha huzoea, na mwisho hupenda. Katika kurasa za mwisho huonyeshwa amemwegemea yule yule aliyekuwa akimwogopa, na msomaji hutakiwa afurahi.

Wasomaji wa hadithi hizo husema kwamba huo ni mchezo wa fikira tu, na kwamba picha haijamdhuru mtu. Kauli hiyo ina haki yake, kwani fikira hutembea zitakako, wala si kila apendaye kusoma habari za simba hupenda kuraruliwa. Walakini hadithi ya mtekaji apendwaye na mateka wake haikuzuliwa na wachoraji wa zama zetu. Katika nchi hii ina njia yake, tena njia iwezayo kukanyagwa kwa miguu: huanza Bagamoyo, hukata Ugogo, hufika Tabora, na kuishia Ujiji ukingoni mwa ziwa. Watu waliopita humo hawakuisoma. Wengine waliitenda, na wengine walitendewa. Nia ya insha hii ni kutazama ni nini hasa kilichoitwa mke, suria na mapenzi katika njia hiyo, na ni nani aliyekuwa na haki ya kutoa majina hayo.

Njia yenyewe yajulikana. Urefu wake wapata kilomita 1,200. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga Unyanyembe kabla ya tarehe 7 Novemba 1857, siku Burton na Speke walipowasili pale palipoitwa Kazeh na kupokewa nao. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya na bunduki zilipanda bara. Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari kuliko wote, na wengi wao walikwenda kwa ujira, kwa hiari yao, wakiona fahari kurudi nyumbani wameiona bahari. Wake wa wapagazi walifuatana na waume zao, wakipika na kubeba vyombo. Itakuwa dhuluma basi kusema kwamba kila mwanamke aliyeonekana katika msafara alikuwa mateka. Lakini itakuwa dhuluma kubwa zaidi kusahau kwamba wengi walikuwa hivyo, na kwamba mtazamaji wa mbali hakuweza kumtenga mke na mtumwa, kwa sababu wote wawili walibeba mzigo na wote wawili walipika.

Na tuanze na ndoa iliyokuwa na heshima. Muhammed bin Juma el Murjebi, baba yake Tippu Tip, alikuwa na mke mwenye nasaba katika jamaa yake ya pwani, naye ndiye mama wa Tippu Tip. Alipofika Unyanyembe alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili na kutolewa na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903, haonei haya kueleza faida ya ndoa ile. Kwa kumwoa binti wa mtemi, baba yake alipata cheo katika nchi na nafasi kubwa katika biashara ya pembe. Ndoa hii ilikuwa mkataba baina ya nyumba mbili, kama zilivyokuwa ndoa nyingi za wakubwa ulimwenguni. Mtemi alipata mkwe mwenye bunduki na nguo. Mfanyabiashara alipata mlango wa nchi. Twajua baba yake Karunde ni nani, mumewe ni nani, na faida ilikuwa nini. Karunde mwenyewe alipenda nini, hatukuambiwa.

Hata hivyo Karunde hakuwa mnyonge. Alikuwa na ukoo nyuma yake, na ukoo huo ulikuwa na mashamba, ng'ombe na askari. Mwanamke wa ukoo wa utemi Unyanyembe aliweza kuwa mtu wa amri. Mwezi wa Januari 1893, mtemi Isike, alipozidiwa na jeshi la Wajerumani ndani ya ngome yake, alijilipua kwa baruti asikamatwe. Baada yake Wajerumani walimkalisha kitini Nyaso, mwanamke wa ukoo ule ule. Pia desturi za Wanyamwezi zilijua namna mbili za kuoana. Katika ile iitwayo kukwa mahari hutolewa na watoto huwa wa upande wa baba. Katika ile iitwayo butende mahari haitolewi, na watoto hubaki upande wa mama. Twajifunza hapa jambo la kwanza: kilichomlinda mwanamke katika njia hii kilikuwa jamaa waliojua jina lake na mahali alipo, wawezao kuuliza habari zake akidhulumiwa. Upole wa mume haukuwa kinga ya kutegemewa. Mwenye jamaa alikuwa mke hata akichukiwa, na asiye na jamaa alikuwa kitu hata akipendwa.

Suria alikuwa wa pili huyu. Sheria ya Kiislamu ilimwekea hifadhi fulani, nayo isidharauliwe. Kijakazi aliyemzalia bwana wake mtoto hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipokufa alikuwa huru. Mtoto wake alizaliwa huru na kurithi sawa na ndugu zake wa baba. Wengi wa watoto wa Seyyid Said wa Unguja walizaliwa na masuria, na hakuna aliyewaita watumwa. Lakini hifadhi hiyo ilianza baada ya jambo kwisha kutendeka. Mke huulizwa kabla, kwa posa na kwa walii. Suria hakuulizwa, kwa kuwa sheria haikuhitaji jibu lake. Msichana aliyetekwa Manyema na kufikishwa Tabora, akachaguliwa kati ya wenzake kwa sababu ya uso wake, alikuwa na njia moja tu ya kupanda daraja, nayo ni kumpendeza mtu yule yule aliyemnunua. Akimpendeza, asingeuzwa pwani, akimzalia, angekaa. Nani atashangaa basi kwamba wengi walipendeza? Mwenye kuzama akishika kamba hatuulizi kama aipenda kamba.

Hadithi ya kutekwa iliweza hata kuwa mtaji. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip alifika magharibi ya mto Lualaba, katika nchi ya Utetera iliyotawaliwa na mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada wawili wa mtawala huyo walitekwa vitani na kupelekwa mbali. Akajitokeza na kudai kwamba mmoja wa wanawake wale alinunuliwa na babu yake akawa suria wake, naye ni mjukuu. Mzee alimwamini, akampokea kama mtoto wa nyumba, akamwachia utawala pamoja na pembe zake. Tippu Tip asimulia kisa hiki kwa furaha ya mtu mwerevu. Msomaji naye huenda akacheka, kwani ni werevu kweli. Lakini na tusimame kidogo. Palikuwa na wanawake wawili waliotoweka na ndugu aliyekuwa bado akiwangoja hata uzeeni. Maumivu yao yalikuwa hai kiasi cha kumfanya mzee atoe nchi yake kwa ajili ya habari zao. Kutekwa kwao kulitumiwa mara ya pili kwa manufaa ya msimuliaji. Kasongo Rushie alilipa kwa sababu ya kupenda. Tippu Tip alipokea kwa sababu ya kujua kusimulia.

Watu wa Ulaya waliopita njia hii hawakuwa mbali na mambo hayo. John Hanning Speke aliondoka Unyanyembe mwaka 1861 na kufika katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1862. Huko namasole, yaani mama wa Kabaka, alimpa wasichana wawili. Speke aliwakadiria umri: Meri miaka 18, na Kahala miaka 12. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupita miaka 30. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 twaona kwamba Meri ndiye aliyemtia moyoni, na kwamba mambo yao yaliishia katika ugomvi na uchungu. Meri aandikwa kama mwenye kununa na kujifanya mgonjwa. Na sisi twajuaje kama alijifanya? Speke alisema Kihindustani na Bombay, Bombay akasema Kiswahili na mkalimani, na mkalimani akasema Kiganda. Neno la Meri lilipita vinywa viwili kabla ya kufika sikio la Speke, kisha likapita kalamu yake ndipo litufikie. Msichana aliyetolewa zawadi kama mbuzi, katika nyumba ya mgeni asiyejua lugha yake, akijilaza kitandani na kukataa kuinuka, huenda alikuwa anasema jambo lililo wazi kabisa. Speke alikuwa na moyo, na kitabu chake chaonyesha kwamba aliumia. Lakini kuumia kwake hakukumpa Meri nafasi ya kukubali au kukataa. Huzuni ya mwenye nguvu si ushahidi kwamba mnyonge alipendwa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1872, David Livingstone alikaa Kwihara karibu na Tabora kwa miezi mingi, akingoja watu na vifaa kutoka pwani. Katika kundi lake alikuwamo mwanamke jina lake Ntaoeka, mwenye umbo zuri. Livingstone hakupenda mwanamke mzuri asiye na mume awe katika msafara, akampendekezea aolewe na mmoja kati ya watu wake watatu waaminifu: Chuma, Gardner au Mabruki. Kwa maandishi ya Livingstone mwenyewe, Ntaoeka alicheka tu. Baadaye alikuwa mke wa Chuma.

Kicheko hiki ni jambo dogo, lakini kwangu mimi ni miongoni mwa vitu vya thamani vilivyosalia katika maandishi ya njia ya Tabora. Livingstone hakuwa mtu mkatili. Alichukia biashara ya watumwa na aliipinga kwa kalamu hata kufa kwake. Walakini hata yeye, alipomwona mwanamke peke yake, aliona tatizo la kutatuliwa kwa kumgawa. Na mwanamke akacheka. Hakuwa na walii wala mahari, wala ukoo wa utemi, lakini kwa kitambo kile alikuwa na uwezo wa kupima wanaume watatu na kuona kwamba hawatoshi. Kicheko kilisikiwa kwa sababu aliyekisikia alikubali kukiandika. Ni vicheko vingapi, na vilio vingapi, ambavyo havikupata mwandishi!

Mwingine aliyepata mwandishi ni Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba, ambaye habari zake zilitolewa na mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916. Alikulia magharibi ya ziwa, katika siku ambazo Msiri, mfanyabiashara aliyetoka pande za Unyamwezi, alikuwa amejifanyia dola huko Katanga. Bwanikwa alikuwa mtoto mke wa baba yake alipofiwa. Wakwe wakadai fidia ya watumwa watatu, baba akawa na wawili tu, akamtoa binti yake akamilishe idadi, kwa nia ya kumkomboa baadaye. Hakukombolewa. Campbell ahesabu kwamba aliingia utumwani mara kumi, akipita mkono hata mkono, pengine kama mtumwa, pengine kwa jina la mke. Mwisho aliolewa na mtu ambaye kwa desturi alikuwa pia bwana wake, na kwa mali ya kazi yake mwenyewe akajikomboa kutoka kwa mumewe.

Msomaji na alitafakari jambo hili. Kama ndoa ile ilikuwa mapenzi matupu, ya nini kulipa? Na kama ilikuwa utumwa mtupu, kwa nini alijikomboa bila kukimbia? Naona Bwanikwa alijua tofauti ambayo hadithi za picha haziijui. Alijua kwamba mtu hawezi kusema nakupenda na maneno yake yakawa na uzito, akiwa hana ruhusa ya kusema sikupendi. Alinunua kwanza ruhusa ya kukataa.

Hapo pana hoja ambayo wenye busara huitoa. Husema: je, katika maelfu ya watu wale hapakuwa hata wawili waliopendana kweli? Bwana asimpende suria wake, na suria asimlilie bwana wake akifa? Bila shaka walikuwapo. Moyo wa binadamu huota hata penye mawe, na methali yetu yasema kwamba mapenzi ni majani, popote huota. Tofauti ya umri peke yake haitoshi kuwa hatia; wako wazee walioishi na wake vijana kwa wema na heshima, na wako vijana wa rika moja walioumizana. Hatuna haki ya kuingia katika kaburi la suria wa Tabora na kumwambia kwamba machozi yake yalikuwa ya uongo. Lakini hoja hiyo haibatilishi ile ya kwanza. Kuota kwa jani katika ufa wa ukuta wa gereza hakufanyi gereza kuwa shamba.

Kosa hasa lilikuwa katika kusoma kimya. Fikihi yafundisha kwamba bikira akiulizwa juu ya ndoa, kunyamaza kwake ni idhini yake. Kanuni hii iliwekwa kwa huruma: msichana aliyelelewa kwa haya, mbele ya baba na jamaa zake, asilazimishwe kutamka hadharani anachokitaka. Kimya hicho kina nyumba, kina mama wa kunong'onezwa usiku, kina shangazi wa kupeleka habari. Katika njia ya misafara kimya kingine kilivaa nguo ya kile cha kwanza. Msichana aliyenyamaza kwa sababu hajui lugha, au kwa sababu aliona mwenzake alivyopigwa jana, au kwa sababu kwao ni mwendo wa miezi mitatu, alihesabiwa kuwa amekubali. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshindo huo husikiwa na atakaye kusikia.

Jinsi kimya hicho kilivyokuwa kizito huonekana pia katika sheria. Unguja ilipotoa amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria, masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Ilidhaniwa kwamba wao ni kama wake, na kwamba kuwapa haki ya kuondoka ni kuvunja nyumba za watu. Wakangoja hata mwaka 1909. Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922. Twaona hapa kwamba neno mke, ambalo lapasa kuwa ngao, lilitumiwa kuwa kufuli: wote wengine waliambiwa waweza kwenda, ila yule aliyesemwa kwamba apendwa.

Mfano wa kinyume nao wafaa kutajwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo, ulipoanza msafara, aliandika Desturi za Wasuaheli iliyotolewa mwaka 1903, akafundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, kwa ridhaa ya wote wawili. Mwaka 1905 walipotaka kurudi pamoja Afrika Mashariki, wakubwa wa koloni walizuia mke asishuke Dar es Salaam, na wawili hao wakarejea Ujerumani. Serikali ile ile iliyokuwa ikivumilia utumwa katika koloni iliona hatari katika mume na mke waliochaguana. Twaweza kusema kwamba kilichotisha utawala hakikuwa mwanamke kuwa chini ya mwanamume. Kilichotisha ni ridhaa isiyofuata ngazi za nguvu.

Mambo hayo yote yamepita? Misafara imekwisha, reli imepita, maembe ya Tabora yanazaa, na tembe la Kwihara limekuwa nyumba ya makumbusho. Lakini uchunguzi wa watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 58 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka ridhaa ya hiari, na katika kifungu cha 66 ilikataza mume au mke kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Walakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa kibali cha mzazi. Rebeca Gyumi alipeleka shauri Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikaamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba; Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Hoja ya mahakamani ilikuwa ya usawa na umri. Kwa mtazamaji wa historia, swali lililokuwa chini yake ni la zamani: kibali cha nani chahesabiwa, na kimya cha nani?

Sasa nirudi kwa wasomaji wa hadithi za picha. Sitaki zichomwe, wala sitaki kijana afanyiwe haya kwa kuzisoma. Yawezekana baadhi yao huzisoma kwa sababu ndani ya kitabu woga una mwisho, na kurasa zaweza kufungwa wakati wowote. Hilo ndilo ambalo Meri na Kahala hawakuwa nalo. Ninaloomba ni kwamba asomaye aulize swali moja kila afikapo ukurasa wa mapatano, pale msichana anapoinua uso na kusema kwamba apenda: je, katika hadithi hii palikuwa na mahali ambapo angeweza kusema hapana, akasikiwa, akaondoka salama? Kama palikuwapo, na asome kwa amani. Kama hapakuwapo, na ajue kwamba anasoma habari za njia ya Tabora kwa upande wa wenye bunduki.

Na sisi tuandikao historia tuna swali letu pia. Habari nyingi tulizo nazo za wanawake wa njia ile ziliandikwa na waliowaoa, waliowanunua, waliopewa zawadi yao, au waliowahurumia. Kazi yetu ni kusoma tena maandishi hayo polepole, tukitafuta mahali ambapo mwanamke alilala akakataa kuinuka, alilipa ili awe huru, au alicheka. Mahali hapo ni pachache. Lakini pakipatikana, tuanzie hapo.